Mbuga yakodishwa, mwenyewe hana habari

Msomaji mpenzi, hebu nianze na swali. Tuseme una nyumba uliyoachiwa na wazazi wako, nawe ukaamua kumpangisha mtu chumba kimoja ili upate pesa za kukarabati paa. Siku moja unakwenda na wanao kuitazama nyumba yenu, unamkuta bawabu mlangoni. Anakuambia kwa adabu kwamba huwezi kuingia kwa kuwa wewe si mgeni wa mpangaji. Unamwuliza mkataba unasema nini. Hajui. Unarudi kuutafuta mkataba wenyewe, na hapo unagundua kwamba hata wewe mwenye nyumba hujawahi kuuona.

Utasema ni hadithi ya kubuni. Mimi yalinipata, na nyumba yenyewe ni yako pia.

Ilikuwa likizo ya Agosti mwaka jana. Watoto walikuwa wamechoshwa na kuta za nyumba yetu ya vyumba viwili hapa Nairobi, na televisheni ilikuwa karibu kuwamaliza macho. Nikakumbuka kwamba kwa miaka mingi nilikuwa nimewaahidi kuwapeleka katika mbuga ambamo baba yangu alifanya kazi. Jina la mbuga hiyo nalihifadhi, pamoja na la hoteli nitakayoizungumzia, kwa maana nia yangu si kumharibia mtu biashara.

Baba ana umri wa miaka 74 sasa. Alikuwa renja, yaani askari wa kulinda wanyama pori, tangu miaka ya sabini hadi alipostaafu. Ni yeye na wenzake waliolala msituni wakiwavizia majangili wa pembe za ndovu, mara nyingine wakinyeshewa siku tatu mfululizo, huku mama akikaa nyumbani bila kujua kama atamwona tena. Tulipokuwa wadogo, Jumapili mojamoja lori la kazi lilipokuwa likipeleka chakula kambini, dereva alitubeba sisi watoto wa askari hadi ukingoni mwa mto, penye mkuyu mmoja mkubwa. Hapo tulikula chapati na maharagwe, naye baba akatufundisha kusoma nyayo mchangani. Huyu ni paa. Huyu ni fisi. Na huyu hapa alipita usiku, tazameni matone ya umande yalivyoanguka juu ya unyayo wake.

Huo ndio mkuyu niliotaka wanangu wauone, tena wakiwa na babu yao, kabla magoti yake hayajamkatalia safari.

Mume wangu aliazima Probox ya shemeji yake. Tukampitia mzee alfajiri, tukamkuta yuko tayari kando ya barabara, amevaa koti lake la Jumapili na viatu alivyovipiga rangi usiku. Langoni tulilipa viingilio, tukapewa risiti. Renja kijana aliyekuwa zamu aliposikia jina la baba alisimama wima akampigia saluti. Baba alijifanya hakuona, lakini nilimtazama kwenye kioo cha dereva nikaona anatabasamu.

Tulikuwa tumebakisha kama kilomita mbili kufika mtoni tulipokuta mnyororo umefungwa barabarani, kutoka mti mmoja hadi mwingine. Kando yake palikuwa na kibao kilichochongwa vizuri, kikisema kwamba kuanzia hapo ni eneo la wageni wa hoteli peke yao. Bawabu alikuwa kijana mwenye adabu, sare yake imepigwa pasi.

"Samahani, mzee. Hapa wanapita wageni wanaolala kwetu tu."

"Sisi hatutaki kulala," baba akamjibu. "Tunataka kukaa chini ya mkuyu nusu saa, tuone mto, tuondoke."

"Ni amri, mzee. Hata mimi nimewekwa tu."

Baba alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mkuyu bado upo?"

"Upo, mzee. Ndipo wageni wanaponywea chai jioni."

Tukageuza gari. Kitinda mimba wangu, aliye na umri wa miaka sita, alikuwa amefuatilia mazungumzo yote hayo kwa makini. Tulipofika mbali kidogo akauliza, "Mama, kwani babu alifutwa kazi?"

Baba alicheka. "La, mjukuu wangu, nilistaafu," akasema. Lakini baada ya hapo hakusema neno lingine hadi langoni. Chapati zetu tulizila garini, karibu na vyoo.

Hasira na simu

Usiku huo watoto walipolala niliketi mezani nikaanza kuandika makala ya moto. Nilitumia maneno yote makali ninayoyajua: unyakuzi, mabwanyenye, ukoloni mamboleo. Nilitaka hoteli zote zing'olewe mbugani, hata misingi yake isibaki.

Kabla ya kumaliza nilimpigia simu ndugu yangu mdogo. Yeye ni mpishi katika hoteli iliyo ndani ya mbuga nyingine kabisa, mamia ya kilomita kutoka nyumbani. Nilidhani ataniunga mkono, kwani naye alilelewa chini ya mkuyu ule ule. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Andika, dada," akaniambia. "Lakini wakifunga, utanisaidia karo ya watoto wangu watatu?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea kunieleza kwamba jikoni mwao mayai, nyanya na sukuma wiki hutoka kwa akina mama wanaoishi nje ya mbuga, na kwamba wengi wa wafanyakazi wenzake ni vijana wa vijiji hivyo hivyo. Akanikumbusha mwaka 2020, wakati wa corona, wageni walipokatika na hoteli yao ikafungwa. Alikaa nyumbani miezi tisa akiuza mandazi ili watoto wasilale njaa.

"Simba hawakupungua, dada. Waliopungua ni wageni. Hapo ndipo nilipojua kwamba simba peke yake halipi mshahara."

Nilikata simu nikaikunja ile karatasi. Kwa upande mmoja yuko baba aliyehatarisha maisha yake ili mbuga isimalizwe na majangili, na ambaye leo hawezi kuketi chini ya mti alioulinda. Kwa upande wa pili yuko mwanawe, anayekula na kusomesha kwa sababu kuna mtu aliyekodishwa ardhi mbugani akajenga hoteli. Wote wawili ni damu yangu, na wote wawili wana haki. Nikaona kwamba kabla ya kupiga kelele yafaa nijue hasa ni kitu gani kilichokodishwa, na nani alimkodisha nani.

Kukodisha si kuuza

La kwanza nililojifunza ni kwamba hoteli mbugani si jambo geni hapa nchini. Treetops, kule Aberdare, ilijengwa mwaka 1932 juu ya mti wa mugumo, miaka 18 kabla ya Aberdare kufanywa mbuga ya kitaifa mnamo 1950. Ndiko alikokuwa Elizabeth wa Uingereza Februari 1952, usiku ambao babake alifariki naye akawa malkia. Miaka miwili baadaye, wakati wa vita vya Mau Mau, jengo hilo liliteketezwa, kisha likajengwa upya. Kilaguni, iliyoko Tsavo Magharibi, ilifunguliwa mwaka 1962, kabla hata ya bendera yetu kupandishwa. Wazazi wetu wengi wamefanya kazi katika hoteli za aina hiyo, na pesa za kigeni walizoleta watalii zimejenga mengi.

La pili ni sababu ya kukodisha. Mbuga ni ghali kutunza. Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi peke yake zina zaidi ya kilomita 20,000 za mraba. Eneo hilo lote linahitaji askari, magari, mafuta, barabara, mabwawa ya maji wakati wa kiangazi, na madaktari wa wanyama. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, ambalo lilianza kazi mwaka 1990, hutegemea sana mapato ya utalii. Kwa hiyo shirika linapompa mwekezaji kipande cha ardhi kwa muda fulani, yeye hujenga kwa pesa zake. Kwa kawaida hulipa kodi, na juu ya kodi hiyo hutoa sehemu ya mapato au ada kwa kila mgeni anayelala. Mkataba ukiisha, ardhi hurudi kwa mwenyewe. Ukiitazama hivyo huoni ubaya. Ni kama yule mwenye nyumba wetu anayetafuta pesa za paa.

La tatu, ambalo lilinikaa moyoni kuliko yote, ni kuhusu mwenyewe huyo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 62, inasema kwamba mbuga za kitaifa ni ardhi ya umma. Serikali ya kitaifa imeishika kama amana kwa niaba ya wananchi wa Kenya. Isitoshe, kifungu hicho kinasema ardhi ya umma haiwezi kutolewa au kutumiwa ila kwa njia iliyowekwa na sheria ya Bunge. Kifungu cha 65 nacho kinasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi humu nchini ila kwa kukodishwa, tena kwa muda usiozidi miaka 99.

Ukiyasoma maneno hayo polepole, msomaji, utaona jambo la ajabu. KWS si mwenye nyumba. Serikali si mwenye nyumba. Hao ni wasimamizi wa ploti. Mwenye nyumba ni wewe, na mimi, na yule kijana aliyesimama kwenye mnyororo, na mama anayeuza sukuma wiki nje ya lango.

Sasa linganisha na maisha yetu ya mjini. Wengi wetu ni wapangaji, na tunajua kodi ya nyumba ilivyo. Tunalipa dipoziti. Tunapewa karatasi inayosema tusigongelee misumari ukutani, tusifuge mbwa, tusimwongeze mtu chumbani bila ruhusa. Tukichelewa siku tano, mlango unapigwa kufuli. Mwenye ploti wa Umoja au Kayole anajua kila mpangaji analipa kiasi gani na amekaa miaka mingapi. Lakini sisi tulio wenye ploti kubwa kuliko zote hatujui mpangaji wetu analipa nini, atakaa hadi lini, wala kama karatasi inamruhusu kufunga barabara kwa mnyororo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Mambo yanapoharibika

Usidhani ninatia chumvi. Chukua Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, ile ambayo unaweza kuiona kutoka kwenye matatu ya Lang'ata Road. Ilianzishwa mwaka 1946, ya kwanza humu nchini, nayo ina kilomita 117 za mraba tu. Mwaka 2020 ilitolewa rasimu ya mpango wa usimamizi wa miaka kumi. Rasimu hiyo ilipendekeza, pamoja na mengine, malazi ya wageni ndani ya mbuga na ua katika upande wa kusini, ambao ndio mlango pekee uliobakia wa wanyama kutoka kwenda malishoni katika nyanda za Athi na Kapiti. Malalamiko yalikuwa mengi. Watu waliuliza kwa nini mbuga iliyo nusu saa kutoka katikati ya jiji lenye mamia ya hoteli ihitaji hoteli nyingine ndani yake. Swali hilo liliwezekana kuulizwa kwa sababu moja tu: rasimu ilitolewa hadharani, watu wakaisoma.

Kule Maasai Mara, ambayo ni hifadhi ya kitaifa inayosimamiwa na Kaunti ya Narok, kambi ya kifahari ya Ritz-Carlton ilifunguliwa Agosti 2025 kando ya mto Sand, karibu na mpaka wa Tanzania. Ina nyumba 20 za mahema, kila moja na kidimbwi chake cha kuogelea, na kulala usiku mmoja huko humgharimu mtu zaidi ya dola 3,000. Kiongozi mmoja wa jamii ya Wamaasai alikwenda mahakamani Narok, akidai kwamba kambi hiyo imekaa katika njia ya nyumbu wanaohama kati ya Serengeti na Mara, na kwamba wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa. Wenye kambi walikana, nao KWS wakasema uchunguzi wao hauonyeshi kwamba njia ya nyumbu imezibwa. Baadaye mwaka huo huo aliyeshtaki aliiondoa kesi.

Mimi si hakimu, na sina haja ya kukuambia nani alisema kweli. Ninachokuomba utazame ni wakati ambapo ubishi ulianza. Ulipamba moto wakati kambi ilikuwa imekwisha kujengwa, vitanda vimetandikwa, wapishi wameajiriwa. Wakati huo kila jibu linaumiza mtu. Ukisema ibomolewe, unawaachisha kazi vijana. Ukisema ibaki, na kama kweli imeziba njia, nyumbu hawana mahakama ya rufani. Mkataba husomwa kabla ya mpangaji kuingiza kitanda.

Kuna pia madhara yasiyo na kelele. Hoteli ya vitanda mia moja huchota maji, na mbugani maji ya kiangazi yana wenyewe. Hutoa taka na maji machafu. Magari ya kupeleka vyakula na wafanyakazi hupita kila siku. Taa za usiku huwasumbua wanyama wanaowinda gizani. Na juu ya yote hayo, aghalabu hoteli hutafuta mahali pazuri kuliko pote: ukingo wa mto, kilima chenye upepo, chemchemi. Si ajabu, kwa maana hata wanyama hupapenda hapo hapo. Na hata wewe, ukienda na wanao na chapati zako, utapataka hapo.

Maswali matano ya mwenye nyumba

Je, basi tufanye nini? Siungi mkono wale wanaosema hoteli zote zifukuzwe, kwa maana ndugu yangu amenifundisha. Wala siwaungi mkono wale wanaosema mwekezaji asiulizwe chochote asije akakasirika akaondoka. Mpangaji mwema haogopi maswali. Yapo matano ambayo mwenye nyumba yeyote wa Nairobi angeuliza, nami naona yanafaa mbugani pia.

Kwanza, ni miaka mingapi? Mkataba wa miaka kumi na mitano ni jambo moja, wa miaka hamsini ni jambo jingine. Ukikodisha kwa miaka hamsini, umewaamulia hata wajukuu zako.

Pili, ni pesa ngapi, na zinakwenda wapi? Kiasi gani kinarudi kulinda mbuga, na kiasi gani kinawafikia wale ambao ndovu huingia mashambani mwao usiku?

Tatu, ni kipande kikubwa kiasi gani? Kukodisha mahali pa kujenga nyumba ni jambo moja, kukodisha bonde zima ili wageni wachache wasione sura nyingine ni jambo jingine. Hapa ndipo mnyororo wetu ulipo.

Nne, nani anakagua? Mkataba mzuri usio na mkaguzi ni kama mbwa asiye na meno. Nani anahesabu vitanda, anapima maji, anatazama taka zinatupwa wapi? Na anayevunja masharti huchukuliwa hatua gani?

Tano, mwisho wake utakuwaje? Biashara ikianguka, nani ataondoa saruji? Tusiachiwe magofu ya kufuga popo.

Karatasi yenye nguvu

Pengine unasema moyoni, "Mimi ni mwalimu," au "Mimi ni mwanafunzi wa chuo, nani atanisikiliza?" Nami nilisema hivyo hivyo. Lakini sheria imetupa silaha ambazo wengi wetu tumeziacha zishike kutu.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 iliagiza kila mbuga iwe na mpango wa usimamizi, na wananchi washirikishwe kuuandaa. Mpango huo ndio unaosema hoteli zitakaa wapi na zisikae wapi. Mradi mkubwa wa ujenzi nao lazima ufanyiwe uchunguzi wa athari zake kwa mazingira, na mamlaka ya mazingira, NEMA, hutoa tangazo magazetini ikiwaita wananchi watoe maoni. Ndiyo, ni zile kurasa za maandishi madogo ambazo wengi wetu hutumia kufungia nyama au kuwashia jiko. Kabla ya kulichoma gazeti, lipitie.

Zaidi ya hayo, kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria iliyofuata mwaka 2016 inataka ofisi ya umma ikujibu katika muda wa siku 21. Hulazimiki kusema kwa nini unataka kujua. Mwenye nyumba haulizwi kwa nini anataka kusoma mkataba wa nyumba yake.

Na usifikiri kwamba sauti za watu wadogo hazifiki popote. Kumbuka marehemu Profesa Wangari Maathai. Mwaka 1989 aliandika barua kupinga jengo la orofa 60 lililotakiwa kusimama Uhuru Park. Alitukanwa, lakini jengo halikujengwa. Januari 1999 alipigwa hadi kutoka damu alipokwenda kupanda miti katika msitu wa Karura, ambao sehemu zake zilikuwa zimegawiwa watu binafsi. Leo familia nyingi za Nairobi hutembea Karura Jumapili kama hii, watoto wakiendesha baiskeli kivulini, na wengi wao hawajui kwamba kivuli hicho kilikaribia kuwa nyua za mawe. Uhuru Park na Karura si mbuga za wanyama, lakini funzo ni lile lile: kilichoziokoa ni watu waliouliza mapema.

Barua ya baba

Wiki tatu baada ya safari yetu nilikwenda nyumbani kumwona mzee. Nilimweleza niliyoyasoma, nikamwambia nimekusudia kuandika barua kuomba nakala ya mkataba wa hoteli ile. Nilitarajia afurahi. Badala yake aliniuliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Yule kijana wa mnyororo, hatafukuzwa kwa ajili yetu?"

Nikamwambia la, barua haimtaji. Akatikisa kichwa kukubali. Akasema yeye hana ugomvi na hoteli. Enzi zake, akasema, gari la watalii likipita mahali, jangili hujificha. Macho mengi ni ulinzi. Anachotaka ni kujua jambo moja tu.

"Waulize kama mkuyu umo ndani ya karatasi," akasema. "Kama umo, basi tulipewa amri tukatii, na waliotia sahihi watueleze kwa nini. Kama haumo, ule mnyororo ni wa nani?"

Msomaji, nimesoma vifungu vingi tangu siku ile, lakini sijakutana na swali lililonyooka kuliko hilo. Nililiandika kwenye barua kama alivyolisema. Mwisho wa barua tulitia sahihi watatu: baba, mimi, na ndugu yangu mpishi, ambaye alikuwa likizoni. Yeye alisita kidogo, kisha akasema kwamba hata kwao kazini afadhali kila kitu kiwe wazi, kwa maana hoteli yenye mkataba safi ndiyo itakayodumu hadi wanawe wamalize shule.

Barua imepelekwa. Ninapoandika makala haya, zile siku 21 bado hazijaisha. Huenda tukajibiwa, huenda tukapigwa chenga kutoka ofisi moja hadi nyingine. Tukipigwa chenga, tutaandika tena.

Nawe je? Likizo inakuja. Chagua mbuga moja, iwe ya Nairobi, ya Nakuru au ya Tsavo, uwapeleke wanao hata kama ni kwa siku moja. Ukikuta mnyororo, usimfokee bawabu, maana amewekwa tu. Andika tarehe, andika mahali, kisha rudi nyumbani ukaombe kuuona mkataba. Nao watoto wakiuliza kwa nini mmerudishwa, msiwaache wadhani babu yao alifutwa kazi.